Usipasue

Miaka thelathini na moja pale Kiboriloni
nimeshika ini kabla halijapoa.
Najua uzito wake, linavyoteleza,
pande lake kubwa na lile dogo,
na pale chini, limejibana kama kupe wa kijani,
fuko lisilozidi kidole gumba.
Hapo siongei na mteja.
Kisu hulala ubavu, kidole hutangulia,
maana tone moja likimwagika
nyama imetumbukia nyongo,
na buchani msemo huo si msemo, ni hasara.

Aikande, wa Mama Kimaro, alikuja na daftari,
soksi moja imeshuka.
"Mwalimu katutuma ini la mbuzi."
Nikamfungia kwa gazeti. Hakuondoka.
"Na hii ya kijani, kazi yake nini?"
Kuharibu supu, nikamwambia.
Akanyoosha kidole. Nikampiga kofi mkononi:
Usipasue!

Basi, mwaka jana, kipaimara kule Mamba,
ndafu imesimama na majani mdomoni,
nikapewa ubavu, mafuta yakanitiririka hadi kiwiko.
Usiku, chini ya mbavu za kulia,
koleo.
Likapanda mpaka begani.
Mke wangu akasema vidonda vya tumbo.
Jirani akasema nimerogwa kwa ajili ya bei.
Siku ya tatu macho yangu yalikuwa ndizi mbivu.

Daktari aliyeingia alikuwa na soksi zote mbili.
Akachora nyuma ya karatasi ya vipimo:
"Ini lako, baba, halilali.
Damu mbili huliingia. Moja ya moyoni, imebeba hewa.
Nyingine ya matumboni, imebeba ulichokula,
chema na sumu, nalo hukaa likichambua
kama mtu na ungo wa mchele.
Nyongo linaitengeneza lenyewe, tone kwa tone.
Kifuko ni ghala tu: kinatunza, kinakoleza.
Mafuta yakigonga utumbo mwembamba, kinajikamua."
"Ikafanye nini?"
"Umewahi kuosha sufuria ya makongoro
kwa maji matupu?"

Nikacheka. Pakauma.
Kumbe ni sabuni.
Inayavunjavunja mafuta, inayafanya chembe,
mwili upate pa kuyashikia.
Nikawaza mbege: ondoa gome la msesewe
ubaki na uji wa ndizi wa kunyweshea watoto.
Na mimi, miaka yote hiyo,
nimekuwa nikiutupa mtaroni uchungu huo,
nikiuita uchafu.

"Yako imeganda mawe," akasema.
"Moja limekaa njiani."
Hapo hakuhitaji kuchora.
Nimezaliwa kando ya mfongo.
Najua jirani mchoyo akiziba kwa jiwe
maji hayapotei, yanarudi nyuma,
yanafurika pasipotakiwa,
mpaka kwenye macho ya mtu.

Chini ya taa ile kubwa wakaniambia nihesabu.
Nikaukamata mkono wake, wenye glovu:
"Mwanangu, usipasue."
Akainama. "Kofi lako bado nalisikia, baba."
Nilifika saba.

Yalikuwa kumi na moja, ya kahawia, kama kunde.
Mke wangu hayataki kabatini,
kwa hiyo chupa inakaa buchani, kando ya mizani,
na watu wananunua kidogo kidogo huku wakiitazama.
Ghala limevunjwa, kiwanda kinaendelea:
nyongo inadondoka moja kwa moja, bila kusubiri karamu.
Kisusio nanusa tu.

Jana nilitoa ya beberu.
Nikaiinua mlangoni, kwenye mwanga,
Kibo imejifunua nyuma yake, nyeupe,
na kile kifuko kikang'aa kama jani la mgomba
likiwa bado limejikunja.
Sijui nilisimama muda gani.
Mteja akakohoa.
"Nusu kilo, mzee. Na ini, kama lipo."